Tamaa ya Nani?

Kuna methali moja ambayo siku hizi nikiisikia hunikereketa. Si kwamba methali yenyewe ina kasoro. Wahenga waliposema kuwa tamaa mbele, mauti nyuma, walikuwa na sababu zao. Kinachonikera ni namna tunavyoitumia. Mtu akitapeliwa kwa njia ya simu, kisha akajitokeza kusimulia yaliyomsibu, jibu la kwanza analopewa, tangu kijiweni hadi kwenye meza ya ofisa anayepaswa kumhudumia, ni methali hiyo. Tunamtazama, tunatikisa kichwa, tunasema tamaa imemponza. Kisha tunaendelea na shughuli zetu, tukiamini kwamba sisi tusio na tamaa tu salama.

Makala haya yanaipinga imani hiyo. Nitadai mambo mawili. Kwanza, kwamba utapeli wa simu na wizi wa utambulisho aghalabu hauwindi tamaa ya mtu, bali huwinda uaminifu wake, upendo wake na utii wake kwa sheria. Pili, kwamba simulizi hii ya tamaa imedumu kwa sababu inawapa nafuu wale ambao wangepaswa kuwajibika.

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa najenga. Fundi wangu alikuwa ananidai shilingi 350,000 za saruji na nondo, na asubuhi hiyo aliniambia kuwa simu yake inasumbua, angetafuta namba nyingine ya kupokelea. Saa nne nikiwa nasahihisha mitihani, uliingia ujumbe: "Ile hela nitumie kwenye namba hii." Nikatuma. Jina lililotokea sikulifahamu, nikadhani ni la mkewe au la kibarua wake. Saa sita fundi akapiga simu, akaniuliza kwa adabu kama nimemsahau.

Nina shahada tatu. Kila mwaka nawafundisha vijana namna ya kuhoji chanzo cha taarifa kabla ya kuiamini. Nilinyamaza na jambo hilo kwa miaka mitatu. Hata mke wangu nilimwambia kwamba saruji imepanda bei.

Sasa, ndugu msomaji, niambie, tamaa yangu ilikuwa wapi? Sikuahidiwa utajiri wala zawadi. Nilikuwa nalipa deni. Ujumbe ule, ambao Watanzania tumeugeuza kuwa mzaha, umebuniwa kwa akili nyingi kuliko tunavyokiri. Mwizi hakujua kwamba nina fundi wala kwamba ninadaiwa. Hakuhitaji kujua. Chukulia kwamba ametuma maneno hayo kwa watu 10,000. Ikiwa katika kila watu 1,000 yupo mmoja ambaye saa hiyo hiyo anasubiri kuelekezwa namba ya kulipia kodi, ada au mzigo, basi mwizi amekwisha kupata watu kumi. Wale 9,990 wanaocheka hawakuwa werevu kuliko wale kumi. Hawakuwa wakidaiwa tu siku hiyo.

Angalia na hila nyingine. Anayepiga simu akajitambulisha kuwa ni mwalimu, akasema mwanao ameanguka shuleni na fedha za matibabu zinahitajika upesi, anawinda upendo wa mzazi. Anayekutumia ujumbe bandia unaoonyesha umepokea fedha, kisha akakupigia kwa sauti ya unyonge akiomba umrudishie alichokituma kwa makosa, anawinda uaminifu wako. Mtu mwenye tamaa angezikalia fedha hizo, na kwa hiyo asingeibiwa. Anayeteka akaunti ya WhatsApp ya rafiki yako, akaandika kwa jina na picha yake kwamba amekwama na anaomba mkopo hadi jioni, anawinda urafiki. Anayejifanya ofisa wa kampuni ya simu, akadai laini yako itafungwa usipohakiki taarifa, anawinda utii wako kwa mamlaka.

Sikatai kwamba utapeli wa tamaa upo. Upo ule wa kujiunga na Freemason ili upate utajiri, na upo upatu unaozaliwa upya kila mara kwa jina jipya. Tunaikumbuka DECI ya mwaka 2009, wakati watu walipopanda "mbegu" wakingoja mavuno. Mgala muue na haki mpe. Lakini kuchukua kisa cha upatu na kukifanya kioo cha kuwatazamia waathirika wote ni sawa na kusema kila aliyegongwa na gari alikuwa amelewa.

Kisa cha pili si changu. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili alikuja ofisini akiwa na wito wa polisi mkononi. Laini ya simu iliyosajiliwa kwa namba yake ya kitambulisho cha Taifa ilikuwa imetumika kumtapeli mfanyabiashara wa mkoa ambao binti huyo hajawahi kuukanyaga. Laini hiyo hakuifahamu. Tulipokaa na kukumbuka pamoja, ilibainika kuwa alipoingia chuoni alisajili laini kwa kijana aliyekaa chini ya mwavuli karibu na lango. Kijana alimwambia, "Dada, kidole hakijasoma, weka tena." Akaweka tena. Kisha akaambiwa aweke kwa mara ya tatu.

Nilikwenda kumdhamini. Alipoteza mitihani miwili ya majaribio na sehemu kubwa ya boom lake kwa nauli za kwenda na kurudi kituoni. Kilichoniumiza zaidi ni sauti yake aliponiuliza, "Mwalimu, jina langu litasafishwa wapi?" Sikuwa na jibu. Mtu akiibiwa fedha, anaweza kufanya kazi akazipata nyingine. Akiibiwa jina, hulazimika kwenda kila ofisi kuthibitisha kwamba yeye siye yeye.

Na huyu naye tamaa yake ilikuwa ipi? Alitii sheria. Tangu Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 tumeelezwa kuwa kusajili laini ni wajibu. Tarehe 1 Mei 2019 ulianza usajili kwa alama za vidole. Tunakumbuka foleni za kutafuta namba ya NIDA, tarehe ya mwisho ya 31 Desemba 2019, na nyongeza ya siku ishirini hadi 20 Januari 2020. Tuliambiwa kuwa kidole kitamaliza utapeli, kwa sababu kila laini itakuwa na mwenyewe. Kweli, kila laini sasa ina mwenyewe. Ila mwenyewe huyo anaweza kuwa bibi wa kijijini au mwanafunzi aliyeombwa kuweka kidole mara tatu.

Hapa ndipo hoja yangu ya pili inapoanzia. Fedha ya simu si upepo. Kila shilingi inayohama huacha alama: imetoka namba ipi, imekwenda ipi, saa ngapi, imetolewa kwa wakala gani. Mwaka 2021 Serikali ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu, mifumo ya kampuni iliweza kuikokotoa na kuikata papo hapo katika kila muamala, bila kumsahau mtu, hata yule aliyemtumia mama yake fedha ya chumvi. Mfumo wenye macho makali kiasi hicho unashindwaje kuiona laini iliyosajiliwa juzi, inayopokea leo fedha za watu ishirini wasiofahamiana, na kuzitoa zote kwa wakala ndani ya dakika chache? Haushindwi. Haujalazimishwa. Muamala wa mwizi nao una makato, na makato hayo hayarudishwi.

Ndiyo maana nasema simulizi ya tamaa inawafaa wengine. Maadamu kosa ni la mwathirika, hakuna anayeuliza kwa nini wakala wa mtaani hulipwa kwa idadi ya laini anazosajili bila kubanwa kwa laini zinazogeuka kuwa za kitapeli. Hakuna anayeuliza kwa nini aliyeibiwa saa nne, akapiga simu saa nne na dakika tano, hujibiwa na muziki. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, hutoa taarifa za kila robo mwaka, na ndani yake mikoa kama Rukwa na Morogoro hutajwa kwa wingi wa majaribio ya utapeli. Kujua hivyo kuna faida yake. Lakini nimeona matokeo yake mtaani: mtu akisema kwao ni Sumbawanga, watu hushika mifuko yao. Tumepata mkoa wa kulaumu, na lawama ya mkoa haimrudishii mtu hata senti.

Zipo nchi zilizoamua vinginevyo. Nchini Uingereza, tangu tarehe 7 Oktoba 2024, mteja aliyedanganywa akatuma fedha kwa tapeli kupitia mfumo wa malipo ya haraka anastahili kurudishiwa hadi pauni 85,000. Gharama hiyo hugawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na benki iliyopokea. Tafakari maana yake: benki inayomfungulia mwizi akaunti hulipa. Singapore nayo, tangu Desemba 2024, imeweka utaratibu unaogawa wajibu kati ya benki na kampuni za simu kwa aina fulani za utapeli. Asiyetimiza wajibu wake ndiye anayebeba hasara. Watu wa nchi hizo hawana tamaa ndogo kuliko sisi. Waliopewa dhamana ya kulinda fedha zao ndio wameambiwa kwamba ulinzi una bei.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa kwamba tukifanya hivyo watu watazembea, na wengine watashirikiana na matapeli ili walipwe mara mbili. Hofu hiyo ina mantiki, na ndiyo sababu sheria nzuri huweka masharti: Uingereza fidia inaweza kukataliwa kwa aliyezembea kupita kiasi au aliyeshiriki udanganyifu. Nitaambiwa pia kwamba gharama itahamishiwa kwa wateja wote. Nami nauliza: sasa hivi gharama iko kwa nani? Iko kwa wateja vilevile, isipokuwa anaibeba mmoja mmoja, kimyakimya, na mara nyingi ni yule asiyeimudu. Hasara ikigawanywa kwa wengi ni bima. Ikiachiwa mmoja ni maangamizi.

Nitaambiwa hatimaye kwamba sheria zipo. Naam, zipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu chake cha 15, inazungumzia makosa yanayohusu utambulisho. Lakini muulize mwananchi wa kawaida kuhusu sheria hiyo, atakutajia kifungu kinachofuata, cha 16, kinachohusu taarifa za uongo, kwa kuwa hicho ndicho alichosikia kikiwafikisha watu mahakamani. Tuna Ibara ya 16 ya Katiba inayolinda faragha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume yake iliyozinduliwa Aprili 2024. Hata hivyo, bado naandika namba yangu ya kitambulisho kwenye daftari la mlinzi getini, mbele ya macho ya kila anayeandika baada yangu. Nimewahi kununua karanga zilizofungwa kwenye nakala ya fomu yenye picha, jina na namba ya kitambulisho ya mtu nisiyemjua. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Anayeipata amekwisha kupata na jibu la swali ambalo ofisi nyingi huuliza kukuhakiki.

Wakati tukidai haki hizo, hatuwezi kukaa tukisubiri kuibiwa. Tahadhari ninazozitaja hapa nimejifunza kwa gharama, na naomba uwasomee wazazi wako.

Ujumbe wowote unaohusu fedha usiujibu kwa namba iliyoutuma. Mpigie mhusika kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, uisikie sauti yake. Asipopokea, subiri. Deni halifi kwa saa mbili. Jina linalotokea kabla hujathibitisha muamala lisome. Likiwa geni, simama hapo hapo. Mimi nililisoma na kulitafutia visingizio.

Ukiambiwa umetumiwa fedha kwa makosa, angalia salio lako mwenyewe, wala usiuamini ujumbe. Hata ukikuta fedha zimeingia kweli, usizirudishe kwa mkono wako. Mwambie aliyekosea aende kwa kampuni yake, irejeshe kwa utaratibu wake. Huo si ukatili.

Namba ya siri ni ya kwako peke yako, na hali kadhalika tarakimu sita za uthibitisho zinazotumwa na WhatsApp au na benki. Hakuna ofisa wa kweli anayezihitaji. Huduma kwa wateja wa kampuni zetu za simu hupatikana kwa namba 100. Anayekupigia kwa namba ya kawaida akadai anatoka huko, kata simu, kisha wewe mwenyewe upige 100. Usibonyeze namba zenye nyota na reli unazoelekezwa na mtu usiyemjua, kwani zipo zinazoelekeza simu zako kwake. Katika WhatsApp, weka ulinzi wa hatua mbili. Kazi hiyo haimalizi dakika tatu.

Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda katika duka la kampuni husika uifutishe, na utunze ushahidi wa siku uliyofanya hivyo. Laini mpya isajili dukani, si chini ya mwavuli. Ukiambiwa kidole hakijasoma, dai uonyeshwe kioo cha kifaa kabla ya kukiweka tena. Na laini yako ikikosa mtandao ghafla ilhali wenzako wanao, usidhani ni hitilafu: yawezekana mtu ameirudisha kwa jina lako kwenye simu nyingine. Azima simu, wajulishe kampuni na benki yako dakika hiyo hiyo.

Programu za mikopo zinazotaka ruhusa ya kusoma orodha ya majina kwenye simu yako zikatae. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Hapo unachoweka rehani ni watu wako, watakaotumiwa jumbe za kukudhalilisha.

Na ukiibiwa, sema. Ripoti namba ya tapeli kwa 15040, fika polisi upate RB, waeleze jamaa na majirani. TCRA ina kampeni yake iitwayo Sitapeliki, na nia yake ni njema. Ila neno lenyewe lina mtego ndani yake. Anayejitangaza kuwa hatapeliki, siku akitapeliwa ataona haya mara mbili, na aibu ndiyo mshirika mkubwa wa mwizi. Kimya changu cha miaka mitatu kilimsaidia mwizi wangu kuliko laini yoyote ya bandia. Pengine katika miaka hiyo wapo niliofahamiana nao waliotuma fedha kwa ujumbe ule ule, nao wakawaambia wake zao kwamba saruji imepanda.

Kwa hiyo natoa madai yangu, na ningependa wabunge wetu wayasikie. Kampuni zinazopitisha fedha, ile inayotuma na ile inayopokea, zigawane hasara pale zinaposhindwa kutimiza wajibu uliowekwa bayana. Laini mpya zisiruhusiwe kupokea na kutoa fedha nyingi papo hapo katika siku zake za mwanzo. Kila laini ya kitapeli ifuatiliwe hadi kwa wakala aliyeisajili, na kampuni iliyomtuma iwajibike pamoja naye. Kila kampuni itangaze kila robo mwaka kiasi kilichoibwa kwa wateja wake na kiasi kilichorudishwa. Na awepo mtu, katika ofisi yenye mlango na anwani, ambaye kazi yake ni kuwasafisha walioibiwa majina.

Mwanafunzi wangu alirudi darasani. Shauri lake lilifutwa baada ya miezi minne, kwa maneno ya mdomo tu, karatasi hakupewa. Bado anapopigiwa na namba asiyoijua mkono wake hutetemeka. Wiki iliyopita alinisimamisha kwenye korido, akanisalimia, akaniuliza kama ni vyema aombe kazi serikalini, kwa hofu kwamba wakimchunguza wataikuta ile laini. Nikamwambia aombe. Nikamwambia pia kwamba nitaandika.

Atakayesoma haya na bado akasema ni tamaa, nakubaliana naye. Tamaa ipo. Ni tamaa ya kukata makato katika kila muamala huku ukikataa kuulinda. Hiyo ndiyo tamaa tuliyoiacha mbele, na mauti inayoifuata nyuma hayampati mwenye tamaa.